Siku nne, alfajiri mbili: kwenda Rubondo kutazama ndege bila kampuni ya utalii

Anayekwenda Kisiwa cha Rubondo kwa ajili ya ndege asihesabu siku, ahesabu alfajiri. Ndege wa msituni huimba na kujionyesha tangu mwanga wa kwanza hadi kama saa tatu asubuhi, kisha msitu hunyamaza mpaka jua lianze kushuka. Safari ya siku nne kutoka Mwanza, ikipangwa vizuri, ina alfajiri mbili tu kisiwani. Ikipangwa vibaya ina moja, na mvua ikiikuta asubuhi hiyohiyo, fedha yote ya boti imekwenda na maji.

Rubondo iko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1965, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Eneo lake ni kilomita za mraba 456.8, na karibu nusu yake ni maji. Uso wa ziwa uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kilima cha Msasa, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, kinafika mita 1,486. Sehemu kubwa ya nchi kavu ni msitu mnene. Si msitu wa milimani unaolala ndani ya ukungu kama ile ya Usambara. Unyevu wake unatoka ziwani, na kandokando yake kuna mafunjo na miamba. Ndani ya mwendo wa saa mbili kwa miguu unapita makao ya ndege wa msituni, wa matetani na wa maji wazi. Kwa mtu wa Mwanza hakuna msitu mwingine wenye utajiri huo unaofikika kwa basi na boti.

Kabla ya Rubondo, nenda Saanane. Kisiwa hicho kiko hapahapa mjini, boti ya hifadhi inaondokea Capri Point na kuvuka ni dakika chache tu. Kilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kinasimamiwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kama Rubondo. Utajifunza mwenendo wa kulipia, kuvaa laifu jaketi na kutembea na mwongozaji kwa gharama ya mchana mmoja. Zaidi ya hapo utaizoea darubini yako mahali ambapo kukosea hakuumizi. Jipime kwa midiria, ndege wanaowinda samaki. Yule wa rangi nyeupe na nyeusi husimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Yule mdogo wa bluu yenye kung'aa, kifua cha rangi ya chungwa, hukaa kimya kwenye tete karibu kabisa na maji. Ukiweza kumweka huyu mdogo ndani ya darubini kabla hajaruka, mara tatu mfululizo, uko tayari kwa msitu.

Darubini yenyewe: tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 42 kwa 8 ni zaidi kidogo ya milimita 5, wakati 25 kwa 10 ni milimita 2 na nusu. Chini ya miti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaona rangi ya kifua au kivuli kinachoruka. Ndiyo maana zile ndogo za 10x25, ingawa ni nyepesi na zinaonekana zina nguvu zaidi, msituni hazifai. Tena kadiri ukuzaji unavyoongezeka ndivyo mtetemo wa mkono unavyokua, na ndani ya boti mtetemo ndio adui mkubwa.

Irekebishe ungali nyumbani. Kunja katikati mpaka duara mbili ziwe moja. Funika kioo cha kulia, tazama maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka yasomeke. Kisha funika cha kushoto na uzungushe pete ya kioo cha kulia peke yake, bila kugusa gurudumu. Pete hiyo iwekee alama kwa kalamu, maana ikihama kidogo tu utaumwa kichwa bila kujua sababu. Ukiona picha mbili zisizokutana hata baada ya marekebisho, vioo vya ndani vimehama kwa mtikisiko, na hitilafu hiyo haitengenezeki safarini. Kinachovihamisha mara nyingi ni buti la basi au mzigo uliofungwa nyuma ya bodaboda. Darubini ivae shingoni, iwe ndani ya koti, tangu stendi ya Nyegezi mjini Mwanza hadi utakapopanda boti.

Boti ndiyo inayopanga safari hii, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Bei yake ni ya chombo kizima, uwe peke yako au mko wengi. Msafiri wa kujitegemea mwenye busara atafute wenzake watatu kwanza, ndipo atafute tarehe. Zaidi ya wanne haifai kwa ndege: mstari wa watu sita njiani unafukuza kila kilicho hai kabla wa mwisho hajafika.

Wasiliana na ofisi ya hifadhi wiki mbili kabla. Usiulize bei peke yake. Uliza boti itakuchukua mwalo gani na itakushusha wapi. Uliza kama kuna gari la kukutoa ulipoteremka hadi Kageye, makao makuu ya hifadhi, kwa sababu ukivukia mwalo wa Kasenda unashukia kusini mwa kisiwa na bado kuna safari ya gari ya kama saa nzima. Hapa ndipo wengi hukwama: wamelipia boti, gari hawakulitaja, wanakaa ufukweni na mizigo hadi mchana. Uliza nafasi kwenye mabanda ya hifadhi au uwanja wa kupiga hema. Uliza kibali chako kinaanza kuhesabiwa saa ngapi na kinaisha saa ngapi, maana saa hiyo inaweza kukupa alfajiri ya ziada au kukunyang'anya. Na mwisho, omba mapema askari wa kutembea naye kabla jua halijachomoza. Matembezi ya kawaida huanza watu wakishakunywa chai, na kwa mtazama ndege hiyo ni nusu ya asubuhi imeshapotea.

Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Yanafanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo utakayopewa. Lipa ukiwa mjini, mtandao ukiwa mzuri, na hifadhi risiti kwenye simu na kwenye karatasi. Beba kitambulisho cha NIDA chenyewe, si picha yake, kwa kuwa viwango vya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti kabisa na vya wageni. Fedha taslimu iwe ya bodaboda, gesti na chakula cha njiani.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Geita, kisha kaskazini hadi mwalo wa Nkome, halafu boti ya karibu saa mbili moja kwa moja hadi Kageye. Barabarani ni fupi, majini ni ndefu, na maji yale ni ya wazi. Ya pili ni basi la Bukoba linalopita Chato. Hilo unashuka Muganza, unachukua bodaboda kilomita chache hadi mwalo wa Kasenda, na kuvuka ni dakika 20 hadi 30. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena, na njia ya Muganza imekuwa ya uhakika zaidi. Chagua hiyo. Mafuta ya boti ni machache, na upepo ukibadilika huna saa mbili za kuloana. Stendi ya Nyegezi mwambie konda wazi kwamba unashukia Muganza, maana mabasi mengine ya Bukoba hupitia Biharamulo na utajikuta mbali na ziwa.

Basi la kwanza la asubuhi litakufikisha Muganza mchana. Usikimbilie kuvuka. Joto la mchana likishapanda, upepo wa ziwani huongezeka na mawimbi hukua; maji matulivu ni ya asubuhi. Lala gesti Muganza, vuka kesho yake saa mbili. Siku hiyo ya pili utafika Kageye, utapanga vitu, na jioni utatembea kwa mara ya kwanza. Usiku wa pili na wa tatu unalala kisiwani, kwa hiyo alfajiri zako ni ya siku ya tatu na ya nne. Ukiweza kuongeza usiku mmoja, ongeza: boti na basi vimeshalipwa, kinachoongezeka ni malazi, kibali na askari tu, na unatoka alfajiri mbili hadi tatu.

Usikubali lifti ya mtumbwi wa wavuvi hata ukiambiwa ni nusu bei. Maji yanayokizunguka kisiwa ni sehemu ya hifadhi, uvuvi wa kibiashara humo ni marufuku, na chombo kisichoruhusiwa kikikamatwa, nawe umo ndani yake.

Kuhusu majira, Januari na Februari ni wakati mzuri kuliko yote. Vuli imekwisha, masika hayajaanza, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya bado wapo, mbayuwayu wakiwemo. Juni hadi Agosti njia ni kavu na mbu ni wachache, lakini ndege wengi huimba kidogo, na upepo wa kusi huchafua ziwa. Wakati wa mvua, radi za Ziwa Victoria hujengeka usiku juu ya maji na mara nyingi huishia upande wa magharibi alfajiri, yaani saa ileile unayoihitaji. Anayekwenda Aprili ajiwekee alfajiri nne ili apate mbili. Tazama pia mwezi: kwenye giza la mwezi mwandamo, vijidudu vya ziwani hutoka majini kwa wingi kiasi cha kuonekana kama moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, na ndege wanaokula wadudu huwafuata.

Jua la Rubondo huchelewa, kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi lakini saa ni ileile ya Dar es Salaam. Huchomoza karibu saa moja asubuhi, na mwanga wa kutosha kuona njia huja kama saa kumi na mbili na nusu. Uwe umeshavaa na kunywa chai saa kumi na mbili. Jioni iliyotangulia mwambie afande maneno haya waziwazi: tunakwenda kutazama ndege, hatuna haraka, tutasimama sana. Inafaa kumwambia, kwa sababu wageni wengi humjia kwa ajili ya sokwe. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliachiwa kisiwani chini ya usimamizi wa Bernhard Grzimek wa Frankfurt Zoological Society, na uzao wao ndio unaofuatwa leo. Kufuata sokwe ni mwendo wa kasi, wa kupinda na kukatiza vichaka, ambao hauachi nafasi ya kusimama dakika kumi chini ya mti mmoja. Ukitaka vyote viwili, tenga siku ya sokwe peke yake. Kuvichanganya asubuhi moja ni kukosa vyote.

Nusu saa ya kwanza usiingie msituni. Ndani bado kuna giza. Simama ukingoni, jua likiwa linatokea mgongoni mwako, utazame vilele vya miti ya mbele vinavyopata mwanga kwanza. Ndege hupanda huko kukausha manyoya na kutafuta wadudu walioanza kuamka. Hapo ndipo pa kuwaona hondohondo na kasuku wakivuka. Kasuku wa kijivu unaowaona Rubondo wametokana na waliokamatwa kwenye biashara haramu na kuachiwa hapa mwaka 2000, hivyo ukiwaona andika idadi na upande walikoelekea, umwachie askari taarifa hiyo.

Ukiingia ndani, tumia masikio. Tembea hatua ishirini, simama dakika tano. Asiyezoea hutembea saa nzima akiangalia juu, anasikia sauti mia na haoni hata ndege mmoja, kwa sababu kila hatua yake inawanyamazisha. Chagua sauti moja tu, geuza kichwa polepole kushoto na kulia mpaka iwe sawa kwenye masikio yote mawili. Ndege yuko mbele ya pua yako. Sasa tafuta jani linalotikisika bila upepo. Ukiliona usiondoe macho kulitafutia darubini. Ipandishe darubini hadi machoni huku macho yakibaki palepale. Pakiwa kimya muda mrefu kisha ghafla pakajaa vijisauti, limefika kundi mchanganyiko la ndege wadogo wanaowinda pamoja. Wana dakika chache hapo. Mfuate mmoja mpaka umtambue, ndipo umhamie mwingine. Anayewarukia wote kwa pamoja huishia kukumbuka majani.

Mkuyu wenye matunda mabivu una thamani kuliko kilomita tano za kutembea. Muulize afande upo wapi, kaeni chini yake, mbali kidogo ili shingo isiume, na msubiri saa nzima.

Daftari liwe la karatasi. Kabla ya kufungua kitabu, andika ukubwa wake ukilinganisha na shomoro, njiwa au kunguru. Umbo la mdomo. Urefu wa mkia. Alikuwa chini, katikati au kileleni. Alikuwa anafanya nini. Rangi iandikwe mwisho, maana chini ya majani mabichi hata kifua cheupe huonekana kijani. Sauti irekodi kwa simu, sekunde thelathini, mkono usitikisike, kisha sema mwenyewe saa na mahali. Kama unatumia eBird, programu ya simu ya kuorodhesha ndege, pakua orodha na vifurushi vyake ukiwa Mwanza. Na usimpigie ndege sauti yake kwenye simu ili aje. Huja kweli, kwa sababu anadhani amevamiwa, anaacha kiota au kulisha watoto, na akishafanyiwa hivyo na kila kundi linalopita, huhama.

Saa nne msitu ukishanyamaza, hamia ufukweni, kwa kuwa ndege wa majini hawajali mchana. Rubondo imejaa furukombe, yule tai wa kichwa cheupe, na sauti yake utaizoea kabla ya chai kupoa. Kwenye miamba kuna minandi na mbizi wameanika mabawa. Katika maji ya kina kifupi tafuta korongo mwenye mdomo mwekundu uliovikwa mkanda mweusi na tandiko la njano, na koikoi mkubwa kuliko wote, ambaye kimo chake kinakaribia mita moja na nusu. Kama bajeti inaruhusu saa moja ya boti, itumie kuzunguka visiwa vidogo wanakozalia ndege wa majini, lakini mwombe nahodha azime injini mbali na asisogelee viota: wazazi wakiruka kwa pamoja, mayai hubaki juani na wezi wa mayai hushuka mara moja.

Mavazi yawe ya kaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi huvuta mbung'o, nao wapo. Nguo za mabaka ya kijeshi usibebe kabisa; nchini kwetu raia haruhusiwi kuzivaa, na kisiwani utakuwa na maaskari kutwa. Usioge ziwani, kwa mamba, kwa kiboko na kwa kichocho. Usiku kiboko hupanda kula majani karibu na makazi, kwa hiyo hata bundi akilia karibu, msikilize ukiwa mlangoni. Ukitaka kumfuata, mwite askari.

Chakula beba chako chote: unga, mchele, maharage yaliyochemshwa na kukaushwa, dagaa, chumvi, mafuta. Kiweke kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana, maana tumbili hufungua mifuko kwa ustadi. Ndoo ya pili kama hiyo iwe ya simu, kitabu na darubini wakati wa kuvuka. Ni kinga bora ya maji kuliko begi lolote la bei nafuu, na ikianguka ziwani inaelea. Ila ukifika, toa darubini humo. Ikiachwa imefungiwa na unyevu, ukungu huota ndani ya vioo na kuula mpako wake, na hakuna kitambaa kinachoufikia. Ifute, ianike kivulini penye upepo, kila jioni.

Siku ya nne tumia alfajiri yako hadi saa tatu, ndipo ufunge mizigo. Ratiba hii inawezekana tu ikiwa umeahidiana na gari la Kageye na boti jioni iliyotangulia, kwa saa kamili, maana nahodha akingoja hadi mchana mtavuka kwenye mawimbi. Mabasi ya kurudi Mwanza hupita Muganza yakitoka Bukoba, hayasubiri mtu wa boti, na ya alasiri huwa yamejaa. Mpigie wakala wa basi kabla ya kuondoka kisiwani akuwekee kiti, na ziwa likikataa kuvukika, uwe umebakiza fedha ya gesti ya usiku mmoja zaidi.